Kijani Sijakuuliza

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ya rangi ya waridi. Mpiga picha anayeishi Nakuru na kuuza kalenda na kadi za posta mahotelini hakuwa na hoja nyingi za kufikiria. Wageni walilijua jina la mji wetu kwa sababu ya heroe, ambao sisi huku tumezoea kuwaita flamingo, na ule mkanda wao wa waridi uliozunguka ukingo wa ziwa. Ukipanda Baboon Cliff alasiri, ukasubiri jua lishuke kidogo nyuma yako, kazi ilikuwa imekwisha. Niliipenda rangi ile na bado naipenda. Ilinilisha, ikanisomeshea watoto.

Kwa hiyo ushuhuda wangu si wa mtu aliyeichoka rangi. Rangi ndiyo iliyonihama, ikanibidi niulize upya nchi hii ninayoikalia imeumbwa na nini.

Maji ya Ziwa Nakuru yalianza kupanda mwishoni mwa 2010 hivi. Mwaka uliofuata, 2011, UNESCO ililiingiza ziwa letu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Habari hiyo njema ilitukuta tukiutazama ukingo ukisogea kila msimu. Lango kuu la hifadhi inayolizunguka ziwa likamezwa, barabara za kando ya ziwa zikapotea. Maji mapya ya mvua na mito yaliyapunguzia maji ya zamani magadi yake, na ule mwani mdogo ambao heroe huufuata ukapungua. Ndege wakaondoka, wengi wakaelekea Bogoria. Tangu hapo huja na kuondoka, lakini ule mkanda mnene niliokuwa nikiuuza haukuwa tena kitu cha kumwahidi mteja.

Ilibaki miti. Mnaoijua hifadhi mnaikumbuka migunga yake, ile yenye gome la manjano linaloelekea ukijani, iliyosimama msitu mzima kandokando ya ziwa. Maji yaliikuta pale ilipoota. Ilikufa ikiwa wima, ikadondosha majani, ikabaki matawi matupu katikati ya maji. Nilipiga picha nyingi za miti ile na hakuna hata moja iliyonitosheleza. Maji yalikuwa na rangi ya udongo, miti ilikuwa na rangi isiyo na jina, anga lilikuwa na buluu iliyopauka. Nilipokuwa pale nilihisi nimesimama mbele ya jambo kubwa. Kwenye karatasi lilikuwa jambo dogo lenye uchafu.

Nilizibeba picha zile hadi Bahati, kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini enzi za filamu, wakati picha za rangi zilikuwa anasa na yeye mwenyewe akiosha negativu zake gizani. Alizipitia bila kusema neno. Kisha akachomoa moja ya zamani, ya migunga ingali hai juu ya nyasi za baada ya mvua, akaweka kidole kwenye nyasi.

"Hizi ni nyeupe au ni nyeusi?"

"Ni kijani, Mzee."

"Kijani sijakuuliza. Nimekuuliza ni nyeupe au nyeusi."

Sikuwa na jibu. Aliingia ndani akarudi na kikopo cha vioo vya duara: cha manjano, cha chungwa, chekundu na cha kijani. Hivyo ndivyo vichujio alivyokuwa akivifunga mbele ya lenzi. Alinieleza kwamba filamu nyeusi na nyeupe haikumruhusu mtu kulikwepa swali lile. Kabla ya kubonyeza kitufe ulikuwa umeshaamua nyasi zitakuwa na mwanga gani, anga litakuwa na giza gani, kisha ukachagua kioo chako. Akanipa chekundu, akaniambia nitazame shamba lake. Udongo mwekundu wa palizi ukang'aa, mahindi yakazama gizani. Akanipa cha kijani. Mahindi yakapanda kwenye mwanga na udongo ukazama.

"Shamba ni lilelile," alisema. "Haya, kijana, wewe unataka lipi?"

Hapo ndipo nilipobadilika, na ninakumbuka kwamba sikurudi nyumbani na furaha, nilirudi na kazi. Kitufe cha kuondoa rangi nilikuwa nakijua, kila programu ya kuhariri picha inacho na kila simu pia. Nilichokuwa sijajiuliza ni kitufe hicho kinaamua nini kwa niaba yangu.

Kihisi cha kamera ya dijitali hakioni rangi. Kila kijitundu chake hupima wingi wa mwanga na basi. Kinachokipa habari ya rangi ni vichujio vidogo sana vilivyopangwa juu yake, vyekundu, vya kijani na vya buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa 1976. Katika kila vinne, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Maana yake ni kwamba kila picha ya rangi ninayoipiga tayari imebeba ndani yake picha tatu za kijivu. Kikopo chote cha mzee wa Bahati kimo ndani ya kamera yangu. Tofauti ni kwamba yeye alichagua kioo kabla, nami nachagua baadaye, nikiwa nimeketi.

Kitufe cha kawaida huzichanganya picha hizo tatu kwa vipimo vilivyokwisha kuwekwa. Kipimo kimoja mashuhuri, kilichoanzia kwenye televisheni, huchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, kwa sababu jicho la mwanadamu huhisi mwanga wa kijani kuliko rangi nyingine. Ni kipimo cha haki kwa jicho la wastani. Lakini hakijawahi kufika Njoro. Kule, mwezi wa Mei, mahindi machanga na udongo uliotifuliwa hutofautiana mno kwa rangi na hukaribiana mno kwa mwanga. Kitufe kinapovipima, vyote viwili huangukia kijivu kimoja, na shamba lililokuwa na mistari safi kama kitambaa cha kufumwa linakuwa bapa. Mtu akiona hivyo husema picha nyeusi na nyeupe haifai mashamba. Inafaa, ila mtu lazima aseme udongo ung'ae au mahindi yang'ae.

Nikaanza kufanya kazi na kichanganyaji cha chaneli, ambacho huniachia kuamua mwenyewe kiasi cha kila moja ya zile picha tatu. Naitumia GIMP, ambayo ni ya bure, na vijana wanaonitembelea hufanya jambo hilohilo kwa Snapseed kwenye simu, ambayo ina vichujio vyake vya rangi ndani ya sehemu ya nyeusi na nyeupe. Nilirudi kwanza kwenye ile miti iliyokufa. Gome la mgunga ulio hai lina nyekundu nyingi na kijani nyingi, buluu kidogo. Kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu shina huwaka, na kwenye buluu huwa jeusi. Mti uliokufa umepoteza tofauti hiyo. Mbao zake zilizokauka zina kijivu kilekile katika chaneli zote tatu. Lile lililonikatisha tamaa kwenye rangi ndilo lililoniokoa: mti hautikisiki, kinachotembea ni dunia iliyouzunguka. Maji yale ya rangi ya udongo yana buluu kidogo sana. Nilipoiongeza chaneli ya buluu na kuzishusha nyingine, maji yalienda gizani, anga likawa jeupe, na miti ikabaki pale ilipokuwa, mifupa ya kijivu cheupe juu ya maji meusi, kila tawi likihesabika.

Nilikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Sikuongeza kitu ambacho hakikuwapo. Mwanga ule wote ulikuwa umeingia kwenye kamera siku ile nilipobonyeza kitufe.

Wataalamu wengi watakuelekeza kwenye nyekundu badala ya buluu, na wana sababu. Ansel Adams wa Marekani alipopiga mwamba wa Half Dome, tarehe 10 Aprili 1927, alipiga bamba moja kwa kichujio cha manjano, kisha akaweka chekundu kizito kwenye bamba lake la mwisho, anga likawa karibu jeusi na mwamba ukasimama kwa ukubwa alioutaka. Picha hiyo iliwafundisha watu wa mandhari kwa karne nzima. Huko Menengai naifuata njia hiyo. Kasoko ile, yenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, ina mvuke unaopanda kutoka visima vya jotoardhi, na mvuke mweupe hauonekani vizuri mbele ya anga lililopauka. Nyekundu hulitia anga giza na mvuke ukatokea. Kisha huongeza kijani kidogo ili vichaka vilivyoota kati ya mawe viwe vyepesi, na lava, ambayo haina rangi ya kubembeleza, ibaki nyeusi. Hapo unaona njia iliyopitiwa na lava ikitiririka, mkondo juu ya mkondo. Kwenye picha ya rangi uchangamfu wa vichaka hufunika historia yote hiyo.

Lakini Bonde la Ufa si mwamba mmoja. Ni umbali. Simama kwenye ukingo wa barabara ya Limuru kwenda Mai Mahiu, pale walipo wauza ngozi za kondoo na mahindi ya kuchoma, utazame chini. Kuna ukuta wa mteremko, kuna sakafu ya bonde, kuna mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776, kuna miinuko ya Mau upande wa pili, na baina ya kila kimoja na kingine kuna hewa. Hewa ndiyo inayokuambia kwamba kule ni mbali. Nayo hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, ndiyo maana milima ya mbali hubuluika. Ukiitumia chaneli nyekundu unaipenya ile hewa; Longonot unasogea mpaka unakuwa jirani ya mwenye mahindi. Picha inakuwa kali na bonde linakuwa dogo. Ukitumia buluu, kila tabaka linafifia kwa kiasi chake: mteremko wa karibu mweusi, sakafu kijivu, Longonot kijivu chepesi, Mau karibu kupotea. Mimi naamini picha ya bonde hili inayofuta hewa imefuta bonde lenyewe. Najua wenzangu wazuri hawakubaliani nami, na picha zao zinauzwa kuliko zangu.

Buluu ina gharama. Ni chaneli chafu, maana vijitundu vyake ni robo tu ya vyote na hupata mwanga kidogo, kwa hiyo chembechembe hutokea haraka. Nashusha ISO hadi mwisho, naacha mwanga wa kutosha uingie, na napiga faili ghafi badala ya JPEG, kwa kuwa JPEG hubana habari za rangi kuliko habari za mwanga, na ukizivuta chaneli zake kwa nguvu anga linavunjika vipande vya mraba. Wasiopenda kamera za dijitali huniambia kwamba nyeusi na nyeupe ya kweli ni ya filamu. Huwajibu kwamba mpiga picha Sebastião Salgado alihama kutoka filamu hadi dijitali akiwa katikati ya kazi ya Genesis, iliyotoka 2013, na kitabu chote kikatoka bila rangi.

Mahali palipomaliza ubishi ndani yangu ni Kariandusi, karibu na Gilgil. Pale kuna kuta nyeupe za diatomaiti, ambazo ni mabaki ya mwani wenye magamba ya silika uliotuama chini ya ziwa la kale. Hatua chache kutoka hapo, kwenye eneo lililochimbuliwa na Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920, kuna mashoka ya mkono ya watu wa zamani sana, mengine ya obsidiani, kioo cheusi cha volkeno. Nyeupe ya maji na nyeusi ya moto, sehemu moja. Nilipopiga huko kwa rangi nilipata vumbi. Kwa nyeusi na nyeupe ilinibidi nijifunze nidhamu ambayo Adams na mwenzake Fred Archer waliipanga mnamo 1940, ya kuugawa mwanga wa picha katika kanda kutoka giza kamili hadi weupe mtupu, na kuamua mapema kila kitu kikae kanda gani. Diatomaiti ikifika weupe mtupu hupoteza chembe zake na ukuta unakuwa shimo kwenye karatasi. Huiweka chini kidogo ya hapo. Obsidiani huiacha na mng'ao mmoja wa ukingo tu.

Kariandusi ilinifungua macho pia juu ya ziwa langu. Nakuru na Elementaita ziliwahi kuwa ziwa moja, maelfu ya miaka iliyopita, na Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba 1937, palikuwa ufukweni. Jioni, jua likilala, mistari ya fukwe zile za kale hutokea kwenye miteremko kama ngazi hafifu. Nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote. Nyasi za dhahabu zilikuwa zikinivuta jicho, na chini ya nyasi kulikuwa na ukingo wa maji.

Watu wa nyumbani hawakunielewa upesi. Kwetu picha isiyo na rangi ni ya babu ukutani, ya kipande cha zamani, ya marehemu kwenye ratiba ya mazishi. Shangazi yangu aliponikuta nikizichapa aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona umezitoa rangi? Kuna msiba hujatuambia?" Nilimwonyesha picha ya Mau yenye tabaka. Aliitazama, akaweka kidole kwenye tabaka la tatu, akasema kule ndiko walikokuwa wakichuma pareto akiwa msichana. Picha ya rangi ya mahali palepale alikuwa ameipita bila kusimama.

Swali lake, hata hivyo, lilikuwa na uzito, na lilinirudia kwa njia nyingine. Ziwa lilipoingia maeneo ya Mwariki na Barut, watu walihama nyumba zao. Nilikwenda kupiga: mabati yakiwa juu ya maji, vyoo vimesimama peke yake, mlango uliofungwa kwa kufuli na maji yamefika kwenye kitasa. Nilizigeuza kama nilivyoigeuza miti, kwa chaneli ya buluu, na zilikuwa na nguvu. Nilipozitundika kwenye ukumbi mmoja mjini, mwanafunzi wa kike akasimama mbele ya mojawapo akaniuliza, "Baba, hii ilikuwa wakati wa mkoloni?" Nyumba ile ilikuwa umbali wa safari fupi ya bodaboda kutoka hapo, na mwenyewe alikuwa bado anatafuta pa kukaa.

Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, nikaona mahali lilipotoka. Mabamba ya wapiga picha wa karne ya kumi na tisa yalihisi buluu tu, hayakuijua nyekundu. Ndiyo maana anga kwenye picha zao nyingi ni jeupe tupu. Nilipoichagua buluu nilikuwa nimeipa picha ya juzi anga la zamani, na jicho la yule binti lilisoma sawasawa. Tangu hapo nina kanuni, na huishika hata mteja akinikasirikia. Miti, mawe, hewa na fukwe za kale naweza kuziondolea rangi, kwa sababu muda wake ni mrefu na picha haiziibii kitu. Nyumba ya mtu iliyozama huiacha na rangi yake: buluu ya mlango alioupaka mwenyewe, nyekundu ya beseni linaloelea. Hiyo ni mali yake, na ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba jambo hili ni la leo na kuna mtu wa kusaidiwa. Nikilazimika kuitoa bila rangi, tarehe huandikwa kwenye picha yenyewe, si nyuma.

Na heroe? Nilijaribu. Nilikwenda Bogoria, ambako bado hukusanyika kwa wingi mwani unapokubali, nikaleta nyumbani faili nzuri, nikazipitisha kwenye chaneli zote. Kwenye nyekundu wanakuwa weupe, wanafanana na ndege wowote weupe. Kwenye kijani wanashuka hadi kijivu cha kati na kumezwa na maji. Kwa vyovyote, tofauti kati ya mkubwa na mtoto inafifia, kwa kuwa kinda la heroe ni la kijivu na hupata uwaridi wake polepole kwa kula. Rangi ile inatoka kwenye mwani wenyewe. Ukiiona imeiva, unajua ziwa linalisha. Kuiondoa ni kufuta habari niliyokwenda kuitafuta.

Kalenda ninayoiandaa sasa ina vyote viwili. Bogoria iko na waridi yake, Mwariki iko na mlango wake wa buluu, na Menengai, Kariandusi, Longonot na ile migunga ya ziwani hazina rangi. Mwenye hoteli mmoja, mteja wangu wa tangu zamani, ameniomba nizifanye zote za aina moja ili ukuta wake upendeze. Nimemjibu kwa heshima kwamba siwezi, na nimempelekea chapa mbili za shamba moja la Njoro, udongo uking'aa kwenye moja na mahindi kwenye nyingine, achague anayoitaka.